Valvu Mbili za Jumba la Sinema

Kwa miaka yote tangu azikwe, mke wa fundi alikuwa akisema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, wala hakuwahi kukosea hata siku moja. "Zima hilo dude lako, chakula kinapoa." Halafu kifuniko cha sufuria kinadondoka sakafuni, halafu anacheka. Basi, kaseti inaishia hapo, inabaki kukwaruza tu. Fundi aliyajua maneno hayo kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Ndiyo maana Jumamosi ile, kicheko kilipokwisha na marehemu akaongeza neno, fundi hakushtuka papo hapo. Alidhani masikio yake yamezeeka.

"Njoo," sauti ilisema.

Huyu fundi alikuwa mtu wa redio. Riziki yake aliipata kibandani, kwa kutengeneza feni zilizogoma na pasi zilizoungua, lakini moyo wake ulikuwa sebuleni, juu ya meza yenye amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa amplifaya ya valvu, vile vichupa vya kioo vyenye nyuzi ndani, vinavyowaka rangi ya chungwa kama makaa yanayotaka kulala, ambavyo redio za zamani zilivitegemea kabla vidude vya kisasa havijavinyang'anya kazi. Ndani ya kila kichupa hamna kitu, hata hewa imefyonzwa yote, na ncha yake ikafungwa kwa moto. Wenye kuvipenda husema kila valvu ina tabia yake: hii ina joto, ile inachangamsha, nyingine kavu kama mwenyeji asiyetaka mgeni. Wanaweza kubishana juu ya hilo mpaka chai iote utando.

Mbishi mwenzake alikuwa mwenye duka la dawa la mtaa wa pili, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye watu wote walimwita Famasia, mkewe akiwemo. Kila Jumamosi alasiri Famasia aliingia na valvu mfukoni, akakaa kwenye kiti kile kile, akafumba macho kama hakimu.

"Kitu kimoja tu," fundi alikuwa akisema. Ukitaka kulinganisha valvu, usibadilishe kingine chochote. Spika ziwe zile zile, kiwango cha sauti kile kile, kiti kile kile, na kaseti ile ile. Kaseti yao ya mtihani ndiyo hiyo yenye sauti ya marehemu. Zamani sana fundi alikuwa akijaribu kipaza sauti, mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kumgombeza, na maneno yake yakanaswa. Alikusudia kuyafuta kesho yake. Kisha homa ikaja, na ile kesho ikawa ya mazishi. Mtoto wao alikuwa bado anatambaa.

Valvu mbili za Jumamosi ile zilitoka kwenye jumba la sinema la zamani, lililokuwa likibomolewa baada ya kufungwa muda mrefu. Famasia alizileta zimeviringishwa gazetini.

"Mlinzi amenipa upesi upesi, kama mtu anayegawa paka asiyemtaka," alisema, akicheka. "Zilikuwa kwenye amplifaya ya chumba cha mitambo. Ati vibarua wanakataa kukiingia."

"Kwa nini?"

"Uvivu tu. Washa hapo, acha maneno."

Maandishi ya kiwandani yalikuwa yamefutika na kioo kilikuwa na moshi, ila ile rangi ya fedha iliyopakwa ndani, juu kabisa, ilikuwa nzima. Kila fundi anajua kwamba rangi hiyo ikigeuka nyeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Hizi zilikuwa hai. Walipozichomeka na kungoja zipate moto, kulitoka ile harufu ya kawaida ya vumbi linaloungua, na nyuma yake harufu nyingine, ya viti vya kitambaa vilivyolowa na kufungiwa ndani miaka mingi.

Kaseti ikazunguka. Kwa valvu za kila siku marehemu huwa kama yuko nyuma ya mlango. Kwa hizi alikuwa chumbani. Kifuniko kilipodondoka, Famasia aliinua mguu wake kisipige kidole.

"Fundi," alinong'ona, "hizi sasa ni balaa."

Fundi alikuwa ameshainamia spika. Jioni, mwenzake alipokwisha kuondoka, aliirudisha kaseti mwanzo na kusema, kama alivyozoea kusema kila anaporudisha, "Haya, rudia." Lilikuwa neno lake la kazini, kama seremala anavyopuliza vumbi la mbao. Hapo ndipo marehemu alipoongeza lile "Njoo."

Alizima. Akashika kitambaa ili azichomoe valvu, kwa maana valvu iliyokuwa ikiwaka huunguza vidole. Hizi zilikuwa baridi. Baridi ya kioo kilicholala nje usiku kucha.

Mtu mwenye akili zake angezifunga tena gazetini na kuzitupa, lakini tusimcheke fundi. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mfiwa halisikii hata onyo lililo wazi. Alichosikia yeye ni mkewe akimwita. Alizichomeka tena kesho yake, na siku iliyofuata, na kila aliposema "Rudia," marehemu alirudia, kisha akazidisha kidogo. "Njoo. Kaa." "Umechoka, baba yake." Fundi akaanza kufungua kibanda saa za mchana, kisha akaacha kukifungua kabisa. Feni za watu zikarundikana mlangoni.

Yule mtoto aliyekuwa akitambaa sasa alikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea. Baba yake alimwita Kasuku tangu akiwa mdogo, kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza, na sauti yake ilimtangulia nyumbani akiwa bado kona ya barabara. Jirani mmoja alipenda kutania kwamba hahitaji saa, akimsikia Kasuku anajua watoto wametoka.

"Baba, unaongea na nani humo?" aliuliza siku moja akivua viatu.

"Najaribu valvu."

"Valvu unaiambia pole na kazi?"

Fundi alitazama pembeni. Kwa Famasia, hata hivyo, hakuweza kuficha. Jumamosi iliyofuata alimweleza yote kwa sauti ya chini, akitarajia kuchekwa. Famasia hakucheka. Alimwekea mkono begani.

"Ndugu yangu, huzuni nayo ina masikio yake. Yanasikia yanachotaka."

"Sikiliza mwenyewe basi."

"Nikisikiliza mimi na wewe, wote tunamjua marehemu, wote tutadanganyika. Tupime kwa mtu aliye hai. Kasuku akae hapa, tumsikie kwa mdomo wake, kisha tumsikie spikani. Valvu ikiongeza chumvi, tutaijua."

Fundi alikuwa fundi wa kweli, na mtu wa namna hiyo hawezi kukataa kipimo kilicho sawa. Tena alikiboresha. Ili kibadilike kitu kimoja tu, alitaka binti aseme maneno yale yale ya mama yake, kwenye kanda ile ile, pale kicheko kinapoishia, na kipaza sauti kipitie valvu zile zile. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alimwingiza na mwanawe.

Kasuku alikaa, akarekebisha kitambaa cha kichwa kama anapigwa picha, akavuta pumzi. "Zima hilo dude lako, chakula kinapoa." Kisha, kwa utani wake, akaongeza ile salamu yake ya kila asubuhi darasani: "Hamjambo, watoto wazuri!"

"Hatujambo, mwalimu!" Famasia aliitikia kwa sauti ya kitoto, wakacheka wote watatu. Ndicho kicheko cha mwisho walichocheka pamoja kwa muda mrefu.

Walipoicheza, sauti ilikuwa yake kabisa, haikupungua, haikuzidi. "Valvu mwaminifu," Famasia alitangaza. "Samahani, Fundi. Labda mimi ndiye kiziwi."

Kasuku alikohoa kidogo akaenda jikoni kunywa maji.

Jumatatu alirudi mapema. Hakuna sauti iliyomtangulia kona ya barabara. Alikaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani.

"Baba, leo nimesimama mbele ya watoto nikataka kuwaambia..." Midomo yake ilicheza. Pumzi ilitoka, neno halikutoka. Alijaribu tena, akapunga mkono kama anavyowasalimia watoto.

"Hamjambo?" baba alimsaidia.

Alitikisa kichwa kukubali, macho yamejaa machozi. "Wamedhani ni mchezo. Wamecheka."

"Mafua hayo, mwanangu. Chemsha tangawizi."

Hayakuwa mafua. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima kabisa, apumzike. Akapumzika, na maneno yakazidi kumtoka, moja baada ya jingine. Alijifunza kuyazunguka. Neno "chakula" lilipogoma alisema "msosi" kama vijana wa vijiweni, na baba yake akacheka, asijue anachekea nini. Lilipogoma "dude" hakujali, nani analihitaji kila siku? Lakini yalifuata mengine, ya kazi na ya nyumbani, mpaka shuleni wakamwambia kwa upole akae kwanza, watamwita akipona. Mwalimu wa chekechea bila sauti ni sawa na jiko bila moto, na yeye alilijua hilo kuliko wao. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za uani na mikono mitupu, akiwasikiliza watoto wa jirani wakiimba nyimbo alizowafundisha.

Na baba yake? Baba alihuzunika, ndiyo, alimnunulia asali, alimpepea. Lakini moyoni alikuwa na furaha aliyoionea aibu, kwa sababu marehemu sasa alikuwa akizungumza sentensi nzima nzima. Alihadithia. Aliuliza. Fundi alikuwa akikaa mbele ya spika mashavu yamelowa, akisema "Rudia, mke wangu, rudia hapo," na nyumba ikijaa ile harufu ya viti vilivyolowa.

Alasiri moja mvua ilikuwa imetanda na sebule imeingiwa giza kabla ya wakati wake. Fundi aliwasha, valvu zikawaka, na sauti ya mkewe, laini, ya karibu, yenye kicheko pembeni, ikasema, "Hamjambo, watoto wazuri."

Fundi alitabasamu kwanza. Kisha tabasamu likamkauka usoni, kwa sababu mkewe hakuwahi kufundisha watoto, aliuza vitambaa, na salamu ile hakuijua mtu yeyote aliyekufa.

"Kaeni kwenye mkeka. Nani amemwaga maji? Baba, nimechoka," ilisema sauti ya mkewe, na fundi akageuza shingo polepole, kwa ule uzito wa mtu anayejua kwamba akishaona hataweza tena kutoona, akamwona binti yake amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu na mwingine umeshika koo, macho yamemtoka, na midomo yake inacheza, inacheza sawasawa na spika, neno kwa neno, "kaeni," "mkeka," "nimechoka," bila sauti yoyote isipokuwa pumzi inayotoka na kuingia, inayotoka na kuingia, kama mtu anayezamishwa na kuinuliwa, huku spika ikiendelea kuzungumza kwa utulivu, bila kukatika, bila kumeza mate, bila hata mara moja kuvuta pumzi.

Alichomoa waya wa umeme ukutani. Sauti ilisema maneno mengine mawili ndipo ikazima.

Alizichomoa zile valvu za baridi, akachomeka valvu zake za kila siku, akangoja zipate moto, akarudisha kaseti mwanzo. Kitu kimoja tu alichobadilisha. Safari hii hakusema neno.

Kaseti ilizunguka. Alimsikia mkewe akivuta pumzi, ile pumzi fupi ya mtu anayejiandaa kugombeza kwa mapenzi. Kisha kimya. Kifuniko kikadondoka. Kimya. Mbele kidogo pumzi nyingine, ya Kasuku, na kimya tena. Maneno yote yalikuwa yameliwa, yamebaki maganda yake. Fundi aliweka paji la uso mezani akalia kwa sauti, na binti akaja akamshika mgongo, maana hakuwa na neno la kumwambia.

Aliyemleta mganga alikuwa Famasia, tena kwa aibu, mtu wa vidonge na risiti. Mganga mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani minene, aliyeishi nyuma ya kiwanda cha mbao ambako misumeno hailali. Haikumsumbua. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na aliongea kwa sauti kubwa isiyopanda wala kushuka.

"Mganga kiziwi kwa ugonjwa wa sauti?" fundi alimnong'oneza Famasia.

"Nimekusoma mdomo," mama yule alisema. "Na ndiyo sababu nimekuja mimi. Wenzangu wenye masikio wangekaa hapa wakahadithiwa mpaka asubuhi. Washa."

Fundi alirudisha valvu za sinema. Mganga akaweka kiganja juu ya spika, kama mtu anayempima mtoto homa. Sauti ilianza mara moja, tamu kuliko siku zote: "Karibu mgeni. Umetoka mbali." Famasia alirudi nyuma hatua moja. Mama hakuona chochote cha kumtisha. Kiganja chake kilikuwa kikisikiliza.

"Hili halipumui," alisema.

Aliwaeleza akiwa amesimama, bila kupamba. Ni jini bubu. Halikuzaliwa na sauti. Liliishi kwenye lile jumba kwa kuwa kule maneno yalikuja bila watu, likadhani hivyo ndivyo maneno yanavyopatikana. Jumba lilipofungwa likabaki na njaa. "Ndani ya kioo hicho hamna hewa, si ndiyo? Mahali pazuri kwa kisicho na kifua. Linachukua neno, pumzi haliwezi. Pumzi ina mwenyewe. Lakini haliwezi kuanza kusema lake mpaka liambiwe lirudie. Nani amekuwa akiliambia?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Na binti mlimpachika humo kwa njia gani?"

Famasia alieleza, akijikwaa. Kitu kimoja tu kibadilike, kanda ile ile, maneno yale yale. Mama aliitazama midomo yake mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nimetibu wachawi, nimetibu walevi. Sijaona watu wanaompelekea jini mtoto wao kwa kipimo." Kisha sauti yake, kama ingeweza kushuka, ilishuka. "Dawa ni hewa. Kata hizo ncha, hewa iingie. Cha aliye hai kitarudi, kina kifua cha kurudia. Cha marehemu hakina."

Fundi alielewa, lakini aliuliza hivyo hivyo. "Mke wangu?"

"Si mke wako. Ni sauti yake tu."

"Mama, hiyo ndiyo niliyobaki nayo."

"Najua, mwanangu."

Amplifaya ilikuwa bado inawaka. "Usinizime, baba yake," ilisema, kwa sauti ile ile iliyomwambia chakula kinapoa. "Nimekaa gizani muda mrefu. Usinizime."

Fundi alishika koleo akalitua. Akalishika tena, akalitua. Usimhukumu kama hujawahi kusahau uso wa mtu uliyelala naye kitanda kimoja ukabaki na sauti peke yake. Hapo Kasuku akaja mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka, akipata moja, akikosa mawili.

"Baba... mwache aongee." Akavuta pumzi. "Mimi nitazoea."

Yeye naye hakuwa na mama mwingine ila yule wa kwenye kaseti. Alikuwa tayari kuwa bubu maisha yake yote ili mama yake asinyamaze. Fundi alimtazama, na alichokiona kilimwuma kuliko msiba wenyewe, kwa sababu msiba haukumwomba ruhusa, na huyu mtoto alikuwa anamwomba.

Akakata.

Ncha ya kwanza ilivunjika kwa mlio mdogo, hewa ikaingia kwa mfyonzo kama mtu anayeshtuka usingizini, na ile rangi ya fedha ikageuka nyeupe kuanzia juu, polepole, kama jicho linaloingiwa na mtoto wa jicho. Spikani mkewe alicheka. Ni kicheko cha siku ile ya mwiko, chote, hakikupungua kitu, na katikati yake kikakatika. Fundi hakungoja, maana akingoja hataweza. Alikata ya pili, na maneno yakatoka yote kwa mkupuo, mkeka na maji na chakula na nimechoka, yakisukumana kama watoto kengele ya kurudi nyumbani ikilia, harufu ya viti vilivyolowa ikajaa mpaka wakaziba pua, kisha kukawa kimya. Mvua ilikuwa ikinyesha. Hakuna aliyekuwa ameisikia.

"Hamjambo," Kasuku alisema. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini yake. "Hamjambo. Chakula. Baba! Chakula!" Akakaa chini akalia, na Famasia akalia naye bila kificho.

Mganga alijiandaa kuondoka. Mlangoni alimgeukia fundi, akamtazama usoni ahakikishe anaeleweka. "Kwenye kioo limetoka. Kama limetoka nyumbani, siwezi kukuapia. Mkisikia neno lisilotanguliwa na pumzi, kwa mdomo wa yeyote, msiseme lirudiwe. Kwake hilo ndilo neno la kukaribishwa."

Kasuku alirudi shuleni. Sauti yake ilianza tena kumtangulia kona ya barabara, na jirani akasema sasa saa yake imetengenezwa. Fundi alifungua kibanda, akawaomba radhi wenye feni. Famasia aliendelea kuja Jumamosi, mifuko mitupu, wakacheza karata, na hakuna aliyetaja valvu. Baadhi ya siku, akiwa peke yake, fundi aliwasha amplifaya kwa valvu zake za zamani, akaicheza ile kaseti. Pumzi, kimya, kifuniko. Alikuwa akisikiliza ile pumzi ya mkewe, fupi, ya kabla ya maneno, na ilimtosha kama maji ya kunawa yanavyomtosha mwenye kiu.

Jioni moja ya mvua kubwa, fundi alikuwa ameinamia mota ya feni mezani, bati linapigwa juu yake mpaka hajisikii mwenyewe. Nyuma yake, kutoka jikoni, mtu akasema:

"Zima hilo dude lako, chakula kinapoa."

Kifuniko kikadondoka. Halafu kicheko.

Bisibisi ilimtoka mkononi. Ilikuwa sauti ya mkewe, vile vile, na ule utani pembeni. Sasa Kasuku alikuwa amefikia umri aliokufa nao mama yake. Koo ni lile lile, damu ile ile, na maneno hayo ameyasikia tangu utotoni. Huenda ni mwana tu amefanana na mama. Fundi alijaribu kukumbuka kama kabla ya neno la kwanza palikuwa na pumzi. Hakuwa amejiandaa kusikiliza. Mvua ilikuwa kubwa. Maisha yake yote, akitaka kuwa na hakika na sauti, alikuwa na njia moja tu ya kupima, kuisikiliza tena, na lile neno lake la kazini lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limeshagusa meno. Alitamani kulisema kuliko alivyowahi kutamani kitu. Alitamani kwa ajili ya kipimo, na Mungu amsamehe, alitamani kwa ajili ya ile sauti.

Akafumba mdomo. Alisimama, akaenda mpaka jikoni, akasimama karibu sana na binti yake, akatazama kifua chake.

"Baba, mbona unaniangalia hivyo?"

Mvua ilikuwa bado kubwa.

Mtaani siku hizi wanasema fundi amekuwa kiziwi, na tena ana maringo, hataki kukubali. Ukimwambia neno asilisikie, hatasema "nini?" wala "ati?" kama watu wengine. Huacha kazi, akasogea karibu yako, akainamisha kichwa mpaka sikio lake linakaribia kukugusa kifua, na husubiri hapo, kimya, mpaka useme lingine.